Fahamu: Mrushaji anapomaliza mechi bila kuruhusu pointi

Katika besiboli ya Marekani, mrushaji huhesabiwa sifa hii akirusha peke yake raundi zote, kwa kawaida 9, bila wapinzani kupata hata pointi moja. Ni kama kipa asiyeruhusu bao, ila hapa kila mpira huanzia mkononi mwake.

Rekodi

Walter Johnson wa Washington alifanya hivyo mara 110 kati ya 1907 na 1927. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis alifikisha 13. Msimu uliofuata kilima anaposimama mrushaji kikashushwa kutoka inchi 15 hadi 10, wapigaji wapate ahueni.

Mbona adimu sasa?

Mkono huchoka. Siku hizi mrushaji akikaribia mipira 100, kocha humfuata kilimani, hunyoosha kiganja na kuomba mpira. Inauma kutazama.