Karafuu Yetu Chunguni

Mwezi wa Oktoba kwetu ni mwezi wa kutazama mbingu. Karafuu ziko majamvini, mawingu ya vuli yanajikusanya, na mwenye shamba hulala jicho moja wazi. Kule Gujarat, upande wa magharibi wa India, mambo ni kinyume chake. Mvua zao kubwa zimekwisha, mbingu imetakata, na majira yaingiayo huitwa Sharad. Usiku wa mwezi mpevu wa majira hayo watu hutia pepeta katika maziwa yenye sukari na iliki, wakayaweka nje yapigwe na mbalamwezi, kisha wakala pamoja na jamaa na marafiki. Pepeta zao si mbali na hizi tuzitwangazo sisi Pemba.

Usiku huo tulialikwa mjini Unguja, sisi watu watatu tuliokwenda kwa shughuli za chama. Mwenyeji wetu ni Mhindi wa Kigujarati, rafiki wa miaka mingi, ambaye babu yake alikuwa akinunua karafuu. Tulipoketi uani alianza na masihara yake ya kila siku: “Bwana Katibu, leo hamtususii?” Wazee watakumbuka maana yake, na vijana inafaa waelezwe. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakati ule haki ya peke yake ya kununua karafuu kwa wakulima. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa Zanzibar wakapinga, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono kwa kuzisusia karafuu zetu, mpaka yalipofikiwa mapatano mwaka 1938. Mkulima aliyekuwa na magunia yake ghalani hakuulizwa na upande wowote. Basi kucheka jambo hilo leo juu ya sahani moja si kitu kidogo.

Nyumba ile hawali nyama wala samaki, na mwenzetu mmoja alinong’ona njiani kwamba tutarudi na njaa. Alikosea sana. Palikuwa na chapati nyembamba kama karatasi zilizopakwa samli, mbatata za bizari, bamia, achari ya embe, wali, na mchuzi wa mbaazi zilizokobolewa, wenye ukali wa ndimu na utamu wa sukari guru kwa wakati mmoja. Huo mchuzi ndio tutakaousimulia.

Jiko limeelekea uani, kwa hiyo tuliona yote. Mbaazi zilikuwa zimekwisha kuiva na kupondwa. Bibi mwenye nyumba akateleka samli katika kikaango kidogo, akatia haradali mpaka zikaanza kuruka, kisha uwatu, kijiti cha mdalasini, na karafuu tatu. Zile karafuu zikavimba katika samli, harufu ikajaa ua mzima, naye akamimina vyote chunguni kwa mshindo. Karafuu tatu tu, kwa chungu cha watu wanane! Ndiyo maana huzitazama moja moja.

Maana kabla ya kuzitia alimwaga kiganja cha karafuu juu ya sinia akazichagua kwa kidole. Zisizo na vichwa akazitenga. Zilizopauka na kujikunja akazitenga. Moja akaiminya kwa ukucha, mafuta yakatoka, akaridhika. Kiasi cha robo ya kiganja kilibaki kando. Tulimuuliza zile zina kosa gani. Akajibu kwa Kiswahili chake kizuri cha Mji Mkongwe: “Hizi nyeupe zililundikwa mbichi, zikapata joto zikavunda. Zenye kukatika vichwa sijui, nyinyi ndio mjuao.”

Tunajua, naam. Ua likiachwa mtini mpaka likachanua, kichwa hupukutika. Karafuu kavu ikikanyagwa jamvini, kichwa hukatika. Na karafuu iliyochambuliwa usiku ikaachwa lundo moja hadi kesho kutwa, kwa uvivu wa kuitandaza, ndiyo ile nyeupe. Kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja kavu, na kazi yote hiyo, pamoja na hatari ya mchumaji juu ya mti, huishia kando ya sinia la bibi mmoja. Hakutukemea, alizifagia tu kwa mkono.

Katikati ya chakula simu ya mwenzetu ililia. Wete kunanyesha. Akasimama, mkono ungali na mchuzi, akauliza mara mbili kama majamvi yamekunjwa. Mwanawe akamwambia yote yamo ndani tangu alasiri. Hapo ndipo aliporudi kuketi na kuomba pepeta bakuli la pili, yeye aliyekuwa akiogopa njaa.

Mwisho ililetwa tambuu. Bibi akaukunja mraba wa jani pembe tatu, na ili usifunguke akautoboa kwa karafuu. Tukamwona anachagua tena, safari hii kwa uangalifu kuliko ya mchuzi: akataka yenye shina refu na kichwa kamili, maana kichwa ndicho kinachozuia. Isiyo na kichwa hupenya upande wa pili, na jani likafunguka mkononi mwa mgeni.