Ushuru wa Njia na Msongamano wa Mji

Aghalabu mkaazi wa Dar es Salaam akizuiwa na foleni pale Mwenge au Buguruni, jua likatua naye hajafika nusu ya safari yake, neno la kwanza limtokalo ni kwamba barabara hazitoshi. Na serikali, kwa kulisikia neno hilo miaka mingi, imelijibu kwa zege na chuma, ikajenga Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa mwaka 2018, kisha njia za juu za Kijazi pale Ubungo, zilizofunguliwa mwaka 2021. Manufaa ya kazi hizo hayakanushiki. Lakini mwenye kuzichunguza hesabu za barabara hakawii kutambua kwamba twayachanganya madhara mawili, uchakavu wa njia na ufinyu wa nafasi, ambayo kila moja lina sababu yake na watu wake, na kwamba tozo tunayolipa iliundwa kwa ajili ya lile la kwanza peke yake.

Katika Tanzania tozo hiyo imo ndani ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli, nayo huingia katika Mfuko wa Barabara, ambao sheria yake yaamuru kwamba si chini ya asilimia 90 ya mapato itumike katika matengenezo. Kisha fedha hugawanywa baina ya TANROADS, yenye dhamana ya barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 ili izisimamie barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka huohuo ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, ikahamishiwa katika kodi ya mafuta, na mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 katika kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Kenya nayo ina mfuko wa namna hiyo tangu mwaka 1993. Ni utaratibu mwepesi, usiohitaji karani wala kizuizi njiani, na kwa sababu hiyo nausifu. Ila lita ya mafuta haijui ni nani aiharibuye njia, wala ni nani aizibaye.

Tuanze na uharibifu. Katika majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, baina ya mwaka 1958 na 1960, malori yaliendeshwa bila kukoma juu ya barabara zilizojengwa makusudi, na wahandisi wakatambua kwamba madhara ya ekseli juu ya njia huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Yaani ekseli ya tani 10, ambayo ndiyo kikomo cha ekseli moja yenye matairi manne katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, huiumiza barabara kiasi cha mara elfu kumi kuliko ekseli ya tani moja ya gari dogo, ilhali lori halinywi mafuta hata mara ishirini ya gari hilo. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na tozo ya mafuta kamwe. Lazibwa na mizani, na kila lori lililozidisha uzito likaachwa lipite, limekula fedha ya matengenezo ya wengine.

Na uzito ukisha kuanza, maji humaliza. Ufa usiozidi upana wa ukucha hutokea juu ya lami; masika yakija maji hupenya, yakailegeza kokoto ya chini; gurudumu likipita huyakamua, yakatoka na udongo mwororo ulioishikamanisha kokoto ile; na baada ya siku si nyingi lami iliyokosa tegemeo hudidimia ikawa shimo. Fundi akiuwahi ufa kwa lami kidogo ya moto, na mtaro wa kando ukazibuliwa taka kabla ya mvua za Machi, shimo halizaliwi; akichelewa, viraka havifai tena, yabidi kuifumua njia hadi chini. Pale Jangwani, ambapo Mto Msimbazi umefurika mara kwa mara hata Barabara ya Morogoro ikafungwa na karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajaa maji, mtu huona wazi kwamba msongamano wa mji mzima waweza kuzaliwa bondeni, penye maji yaliyokosa pa kupita. Sioni taksiri kubwa katika fedha za mji kuliko kuahirisha uzibuaji wa mitaro.

Ama nafasi ni jambo jingine. Mtu mmoja katika gari lake, saa kumi na mbili ya jioni, hutwaa karibu nusu ya nafasi ya daladala iliyobeba watu thelathini, na kila mmoja wa wale thelathini humlipa kwa wakati wake. Lakini tozo yake kwa lita ni ileile ya mkulima wa Songea anayesaga mahindi kwa mashine ya dizeli, ambaye hajamchelewesha mtu yeyote. Mtaalamu wa uchumi William Vickrey, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alishikilia kwa miongo mingi kwamba nafasi ya barabara iwe na bei inayofuata saa na mahali. Singapore ilianza mwaka 1975, London ikafuata mwaka 2003, na Stockholm ilipofanya majaribio mwaka 2006, magari yaliyovuka mpaka wa katikati ya mji yalipungua kwa kiasi cha asilimia 20.

Hata hivyo nasema bila kusita kwamba Dar es Salaam isiige hayo kabla ya kuutengeneza usafiri wa umma. Watu wa Kigamboni walitozwa ada ya kuvuka daraja lao tangu mwaka 2016, ilhali njia yao nyingine ya karibu ilikuwa kivuko chenye nauli, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mwaka 2022 viwango vikapunguzwa. Kumtoza mtu asiye na hiari si kupunguza foleni, ni kumwongezea adha. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016 katika njia za kilomita 20.9 zinazounganisha Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ndiyo hiari yenyewe, maadamu yawe mengi na njia yao isivamiwe na bodaboda wala magari ya wakubwa.

Hapo ndipo ada ya maegesho, ambayo watu wameizoea, ingeweza kupandishwa Posta na Kariakoo kwa saa za msongamano tu, bila mitambo ya gharama. Na sheria itamke waziwazi kwamba mapato hayo yasiingie katika hazina kuu, bali yanunue mabasi na kuzibua mitaro ya mji huohuo, na hesabu yake ibandikwe kila robo mwaka katika ofisi za kata, mlipaji aisome kwa macho yake.