Kuandaa Tamasha la Kijiji kwa Ajili ya Utalii

Mada hii ikitolewa, watahiniwa wengi huanza na ngoma na kumalizia na ngoma. Wageni wamefika, vikundi vimecheza, mgeni rasmi amehutubia, watu wametawanyika. Hapo umeeleza sherehe, hujaeleza utalii. Utalii ni shughuli ya kiuchumi, kwa hiyo swali ambalo insha yako haina budi kulijibu ni hili: mgeni anapotoa fedha kijijini, fedha hiyo inabaki kwa nani?

Chukua mfano wa Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Hapo pana Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Karibu na mwezi Juni, hapo hufanyika tamasha la Bulabo, linaloambatana na sikukuu ya Ekaristi. Kivutio chake kikubwa ni mashindano ya ngoma kati ya Wagika na Wagalu, makundi ambayo ushindani wao ni wa tangu karne ya 19. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mtazamaji huenda anakovutwa. Upande uliokusanya watu wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana wapo wanaocheza na chatu na wapo wanaorusha majembe juu na kuyadaka: kila mmoja anatafuta namna ya kumnyang'anya mwenzake watazamaji.

Mfano huu una mafunzo mawili. La kwanza ni tarehe. Juni ni majira ya mavuno na kiangazi. Mkulima ana nafasi, ghalani kuna chakula, na barabara ya vumbi inapitika. Tamasha hilohilo likipangwa mwezi Aprili, mabasi yatakwama kwenye matope na wenyeji watakuwa mashambani wakipalilia. La pili ni kwamba ngoma hizo hazikubuniwa kwa ajili ya mtalii. Vivyo hivyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila Julai watu hupigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda kuukaribisha mwaka. Mgeni anakuta jambo ambalo lingefanyika hata asingekuja, na hicho ndicho kinachomfanya afunge safari. Kwa hiyo kijiji kianze kwa kujiuliza kina nini tayari: mnada, jando, mbio za mitumbwi, msimu wa asali.

Taratibu za kiserikali zieleze kwa ufupi tu. Wazo hupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kamati huteuliwa, ofisa utamaduni wa wilaya hushirikishwa, polisi na zahanati hupewa taarifa mapema.

Alama nyingi zimejificha kwenye fedha, tena hapa hesabu ndogo husaidia kuliko maneno mengi. Tuseme wageni 60 wamelipa kiingilio cha shilingi 2,000 kila mmoja. Kijiji kimepata 120,000, fedha ambayo kukodi vipaza sauti na jenereta kunaweza kuimaliza. Sasa tuseme wageni 20 kati ya hao wamelala siku mbili katika nyumba za wenyeji, kwa shilingi 15,000 kwa usiku mmoja. Hiyo ni 600,000, bado hujahesabu chakula na vikapu watakavyonunua. Kumbe kazi kubwa ya kamati haipo uwanjani. Ipo kwenye vyumba: chandarua kizima, choo safi, maji ya kuoga, na mama lishe aliyekubaliana bei kabla ya wageni kufika.

Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, walilielewa hili zamani. Huko mgeni hutembezwa kwenye mashamba ya migomba na kijana wa hapohapo, kisha hula chakula kilichopikwa na akina mama wa kijiji.

Usisahau hatari zake, kwani mtahini huzitafuta. Wachuuzi wa mjini huwahi kushika meza za mbele na kuuza vinyago vilevile vinavyouzwa kila mahali, huku mfinyanzi wa kijiji akibaki na vyungu vyake nyuma ya uwanja. Dawa yake ni kugawa meza kwa wenyeji kwanza. Wageni hupiga picha wazee na watoto bila kuomba ruhusa, jambo linaloleta ugomvi, hivyo utaratibu wa picha utangazwe mapema. Mapato yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, pamoja na malipo ya kila kikundi. Wachezaji wanaopewa soda na asante mwaka huu, mwakani hutawaona.

Swali la kujipima

Kijiji chenu kina mto, mnada wa kila Jumamosi na kikundi kimoja cha ngoma, lakini hakina nyumba ya kulala wageni. Andika insha isiyo ya kisanaa, yenye maneno yasiyopungua 250 na yasiyozidi 300, ukieleza namna kijiji hicho kinavyoweza kuandaa tamasha la siku mbili litakaloinua kipato cha wakazi.