Mtoto Anayependa Kutazama Ndege

Mwanafunzi akipenda kutazama ndege wa mjini, msimwone mvivu. Kukaa nje mchana huwasaidia watoto wasipate tatizo la kutoona mbali. Mpeni daftari aandike: shomoro paani, chozi kwenye maua, mwewe angani.

Aandike pia kunguru wanakusanyika wapi. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hufuata mabaki ya chakula. Palipo na taka wazi, nzi waletao kuhara nao hawakosi. Basi mtoto akiwaonyesha mahali hapo, funikeni taka au zifukieni.

Mfundisheni haya:

1. Asimshike ndege mgonjwa wala mzoga. Amwite mtu mzima.

2. Asichezee kinyesi cha njiwa. Kikikauka, vumbi lake huweza kuingiza kuvu mapafuni, hatari hasa kwa wenye upungufu wa kinga. Kiloweshwe maji kabla ya kufagiwa.

3. Anawe mikono kwa sabuni.

Akipata homa na kikohozi baada ya kugusa ndege mgonjwa, mpelekeni hospitali upesi, na mwelezeni mganga habari za ndege huyo.