Usukani unapocheza barabara ya Rumonge: Jua kilicholegea kabla ya kununua spea

UKITOKA Bujumbura kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa namba 3, Ziwa Tanganyika huwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, mpaka Rumonge, mwendo wa kilomita kama 75. Nchini Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara. Hata hivyo, magari mengi madogo yanayobeba abiria na mizigo njia hiyo yametoka Japani na usukani wao uko kulia. Kwa hiyo dereva anayeshuka kusini hukaa ukingoni kabisa, upande wa ziwa. Kwenye kona za Gitaza, ambako mlima uliporomoka mwaka 2015 na kufunga njia, hana nafasi kubwa ya kukosea.

Gari lenyewe mara nyingi limejaa. Nyuma kuna madumu ya mawese, juu kuna magunia ya ndagala waliokaushwa, na viti vimebanana wafanyabiashara wanaokwenda Nyanza-Lac, Mabanda au mpakani Mugina. Dereva anazungusha usukani kidogo, matairi hayaitiki. Anaongeza, gari linahama ghafla. Kila shimo, chini ya dashibodi kunagonga. Akiulizwa, atasema gari limezoea hivyo.

Gari halizoei. Kilicholegea huzidi kulegea, na usukani ni sehemu ambayo ikikatika njiani dereva hana ya pili ya kushika. Zaidi ya hatari hiyo, kuna hasara ambayo wafanyabiashara wengi wa mwambao wanaijua: fundi anataja spea, mwenye gari anavuka mpaka hadi Kigoma au anapanda Bujumbura kuitafuta, anairudisha, inafungwa, na usukani unaendelea kucheza. Kilicholegea kilikuwa kingine. Wakati huo mukeke wabichi waliokuwa wasafirishwe asubuhi hawawezi kusubiri.

Kutoka mkononi hadi tairini

Kati ya mikono ya dereva na tairi kuna msururu wa vyuma. Kwanza ni usukani wenyewe. Unashikiliwa na mhimili, yaani bomba lenye shafti ndani linaloshuka chini ya dashibodi, ambalo limefungwa kwenye bodi kwa bolti. Karibu na pedeli mhimili huungana na shafti fupi yenye krosi, kiungo kinachoruhusu chuma kupinda kona huku kikizunguka. Shafti hiyo hupenya ukuta wa injini na kuingia kwenye raki, sanduku refu lenye chuma cha meno kinachosukumwa kushoto na kulia. Kila ncha ya raki ina tairodi inayovuta tairi.

Ulegevu wa sehemu yoyote kati ya hizo husikika pale pale, mkononi mwa dereva. Ndiyo sababu kukisia huleta hasara. Fundi anayesikia neno "usukani unacheza" na kusema papo hapo "nunua raki" hajapima kitu.

Jambo la kwanza ni kutofautisha aina mbili za kucheza. Ya kwanza, usukani mzima unapanda na kushuka, au unasogea mbele na nyuma ukiuvuta. Hapo tatizo liko juu, kwenye mhimili: bolti zinazoufunga kwenye bodi zimelegea, beringi ya juu imekwisha, au kile kiwiko cha kurekebisha kimo cha usukani hakikazi tena. Kabla ya kulaumu kingine, kiwiko hicho kikazwe kwanza. Kuna magari yaliyofunguliwa dashibodi bure kwa sababu yake.

Aina ya pili, usukani umetulia mahali pake lakini unazunguka kidogo bila matairi kuitika. Hapo ulegevu uko kwenye krosi, bolti ya kubana shafti, raki au tairodi. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, ukingo wa usukani haupaswi kucheza zaidi ya milimita 30, matairi yakiwa yamenyooka. Huo ni kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Ukizidi hapo, gari liende kwa fundi kabla ya kupakiwa mzigo.

Kupima kwa watu wawili

Kazi hii inahitaji watu wawili na tochi. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, ufunguo ufunguliwe ili usukani usijifunge. Mmoja akae kwenye kiti na kuzungusha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, bila kukoma. Mwingine afuate msururu kuanzia juu kwenda chini, akimulika na kugusa kila kiungo kwa vidole.

Kanuni ni moja tu: mahali ambapo upande mmoja wa kiungo unasogea na upande wa pili umetulia, hapo ndipo penye ulegevu. Kwenye krosi iliyo karibu na pedeli, shafti ya juu ikizunguka kabla ya ile ya chini, krosi imekwisha au bolti yake imelegea. Hapo pakiwa pazima, boneti ifunguliwe, atazame shafti inapoingia kwenye raki. Shafti ikizunguka na ncha za raki hazisogei, meno ya raki yamelika au kirekebishi chake kimelegea. Ncha zikisogea na tairi halisogei, tazama tairodi. Raki nzima ikihama mahali pake, bushi au bolti zake ndizo zenye kosa.

Baada ya hapo injini izimwe na mbele painuliwe kwa jeki, kisha gari liwekwe juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, hasa kwenye udongo laini wa kando ya ziwa. Tairi lishikwe kushoto na kulia na kutikiswa: likicheza, tairodi au ncha ya raki imechoka. Lishikwe juu na chini: likicheza, shaka iende kwenye boljointi au beringi ya tairi, ambazo si sehemu za usukani kabisa. Upepo wa matairi nao upimwe, kwa sababu tairi lililopungua upepo huyumbisha gari, na watu hulaumu usukani.

Kurekebisha, si kuchomelea

Habari njema ni kwamba mara nyingine tiba ni bolti. Lakini bolti ya usukani si bolti yoyote. Ile inayobana krosi hutengenezwa kwa chuma kigumu, na ikitolewa ni vyema ibadilishwe kwa nyingine ya daraja lile lile, ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Bolti ya kawaida kutoka duka la vifaa vya ujenzi, au waya uliosokotwa, itashika mpaka siku itakapoamua kuachia.

Kosa kubwa zaidi ni kuchomelea. Moto hulegeza ugumu wa chuma cha krosi, na ukichomelea mhimili unaua kinga ya dereva. Mihimili ya kisasa imeundwa ijifinye gari linapogonga, ili usukani usimchome dereva kifuani. Marekani ilianza kulazimisha kinga ya namna hiyo kwa magari mapya ya abiria kuanzia Januari 1968, na ulimwengu ukafuata. Mhimili uliochomelewa haujifinyi.

Kazi ya kufungua nayo ina miiko yake. Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani, waya hasi wa betri utolewe kwanza na fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Matairi yanyooshwe na usukani ufungwe kwa mkanda wa kiti usizunguke, maana ndani yake kuna utepe wa waya unaokatika ukizungushwa kupita kiasi. Kabla shafti haijatenganishwa, alama ya rangi ichorwe pande zote mbili za meno, ili irudi pale pale ilipotoka. Fundi asiyeweka alama hurudisha gari ambalo usukani wake umekaa upande huku matairi yamenyooka. Na tairodi ikibadilishwa, gari lipelekwe kupimwa mwelekeo wa matairi. Bila hivyo matairi mapya yatalika upande mmoja.

Magari mengi madogo ya Kijapani ya miaka ya karibuni yana mota ya umeme inayosaidia usukani, na aghalabu imefungwa kwenye mhimili wenyewe. Hapo fundi wa umeme wa magari ahusishwe. Kubadilisha mhimili kwa wenye umbo linalofanana bila kulinganisha namba kunaweza kuacha usukani mzito kama wa lori.

Mwenye gari lililotumika Japani ana jambo moja zaidi la kujua. Novemba 2012 kampuni ya Toyota iliita magari zaidi ya milioni 2.7 duniani yarudi kurekebishwa, mengi yakiwa ya kati ya mwaka 2000 na 2011, yakiwemo Corolla, Wish na Prius. Chuma cha shafti inayounganisha mhimili na sanduku la usukani hakikuwa kigumu vya kutosha. Usukani ukikatwa kwa nguvu hadi mwisho mara kwa mara huku gari likienda polepole, meno yake yangeweza kulika. Ndivyo hasa gari linavyoendeshwa sokoni, likipenya kati ya mikokoteni na baiskeli kutafuta pa kupakia. Kama gari ni la miaka hiyo, kiungo hicho ndicho cha kumulika kwanza.

Jina moja Rumonge, jingine Kigoma

Sehemu inayowapoteza wengi fedha si kufungua bali ni kutaja. Zamani pande zote mbili za mpaka zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Burundi ikawa chini ya Ubelgiji hadi 1962 na Tanganyika ikawa chini ya Uingereza. Gereji zikarithi lugha hizo. Wote wanazungumza Kiswahili, lakini fundi wa Rumonge huchukua majina ya spea kutoka Kifaransa na muuzaji wa Kigoma kutoka Kiingereza.

Usukani upande mmoja utaitwa volani, upande mwingine stelingi. Kremayeri ni raki. Hayo hayana shida kubwa. Shida iko kwenye "rotili". Kwa Kifaransa neno hilo hutumika kwa ncha ya tairodi na pia kwa boljointi, spea mbili tofauti kabisa. "Kardani" nayo yaweza kuwa krosi ya usukani, na yaweza kuwa shafti inayozungusha tairi la mbele. Aliyetumwa kardani bila maelezo anaweza kurudi na chuma kirefu kisichohusika na usukani hata kidogo.

Kuna na mtego wa upande. Burundi yamo magari yenye usukani kulia na yenye usukani kushoto. Raki za aina hizo mbili hazibadilishani hata kama gari ni la jina moja na mwaka mmoja, kwa kuwa shafti huingilia pande tofauti. Muuzaji wa Tanzania, ambako magari mengi yana usukani kulia, atakupa ya kulia usipomwambia.

Dawa yake ni rahisi. Beba spea ya zamani ikiwezekana. Isipowezekana, piga picha ikiwa bado kwenye gari, piga picha ya namba ya chesesi, na andika upande wa usukani na aina ya usaidizi, kama ni wa mafuta au wa umeme. Badala ya kusema jina tu, eleza kazi: chuma kinachotoka kwenye raki kwenda tairini, au kiungo kilicho karibu na pedeli.

Forodhani Mugina na Manyovu

Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki amezoea cheti rahisi cha uasili, kinachoruhusu bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka bila ushuru wa forodha. Mawese ya Rumonge yanaweza kuingia katika utaratibu huo. Raki iliyotoka Japani haiingii, hata kama imenunuliwa kwa jirani Kigoma, kwa sababu haikuzalishwa katika Jumuiya. Risiti ya dukani ihifadhiwe na ushuru uwekwe kwenye hesabu kabla ya kuamua kama Kigoma ni nafuu kuliko Bujumbura.

Na spea isiyofaa hulipiwa mara mbili: dukani na mpakani. Kupima kwa watu wawili na tochi kunachukua muda mfupi kuliko kupakia madumu. Abiria anayekwenda na mzigo wake Nyanza-Lac ana haki ya kumwomba dereva, kabla gari halijaondoka stendi, anyooshe matairi na autikise usukani kidogo. Ukipita vidole viwili kabla tairi halijaitika, mzigo ushushwe. Ndagala wakavu watasubiri gari lingine.