Behewa Likistaafu

Siku yangu ya kwanza karakanani, mwaka 1978, mzee aliyenipokea hakunipa randa wala msumeno. Alinipa bisibisi. Akanisimamisha kando ya behewa la daraja la pili, rangi yake bado inang'aa, akanionyesha mahali chini ya dirisha. "Chomeka hapa, kijana." Nikachomeka. Ikazama hadi mpini, kama kisu kwenye papai. "Haya, umejua kwa nini limeletwa," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Useremala wa mabehewa ndio ulionilisha tangu siku hiyo mpaka nikastaafu. Watu wakiniuliza behewa huanza kufa wapi, hutarajia nitaje magurudumu. Gurudumu likilika huchongwa upya kwenye mashine, likichoka kabisa hubadilishwa. Muuaji ni maji. Mvua hupata upenyo paani, au pale kioo kinapokaa kwenye fremu, ikashuka ndani ya ukuta taratibu na kutuama chini, mahali pasipoonekana wala kupigwa na upepo. Msaji wenyewe, mbao ngumu iliyotumika kujengea mabehewa mengi ya zamani, huvumilia miaka na miaka, lakini skrubu zilizoushika hupata kutu na kuachia. Yale ya chuma nayo huliwa kimyakimya nyuma ya plaiwudi. Ukiona rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, ujue kazi imekwisha.

Hapo hesabu hufanywa. Kulitengeneza ni ghali kuliko thamani yake? Basi linapigwa alama ya chaki na kusukumwa njia ya pembeni, likae na majani. Mengi huishia hapo mpaka waje watu wa chuma chakavu. Viti hung'olewa kwanza, kisha nyaya za shaba, vitasa, betri. Halafu gesi ya kukatia. Behewa lililochukua mafundi miezi kuliunda hukatwa vipande upesi mno, vikapakiwa lori kwenda kuyeyushwa, na huenda vikarudi mtaani vikiwa nondo za ghorofa ya mtu.

Lipo jambo moja linalofanya ukataji uwe wa hatari. Mabehewa mengi ya katikati ya karne iliyopita yalijazwa asbesto kutani ili kuzuia joto na moto. Vumbi lake likishaingia mapafuni halitoki, na maradhi yake yanaweza kukaa miaka 20 au 30 ndipo yajitokeze. Zamani mafundi, karibu dunia nzima, walifunga leso puani tu. Leso! New York walipotaka kuondoa treni zao nyekundu za chini ya ardhi, kuanzia mwaka 2001, waliona kuitoa asbesto ni ghali mno. Wakayavua mabehewa magurudumu, milango na vioo, wakayapakia kwenye tishari, wakayatupa baharini, zaidi ya 1,200, mengi yake karibu na pwani ya Delaware. Asbesto isiyopeperuka hewani, walisema, haidhuru. Samaki wamehamia humo na wavuvi wanawafuata. Mimi mtoto wa Mombasa, na bado siwezi kuamua kama napenda habari hiyo.

Mengine hupata kazi ndogo. Njia ya reli ina magenge ya kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto mbali na mji, na behewa kuukuu lililowekewa vitanda na jiko ndilo nyumba yao. Nimelala humo. Usiku bati hupoa na kupiga kelele kana kwamba kuna mtu anatembea juu.

Yenye bahati hurudi safarini, na bahati hiyo hutegemea kitu ambacho abiria haangalii kamwe: nafasi baina ya reli mbili. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ni ya upana wa milimita 1,000. Ile mpya iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 ni ya milimita 1,435. Kwa hiyo siku treni ya usiku ya zamani iliposimamishwa, mabehewa yake hayakuweza kuhamia upande wa pili, hata lile zima kabisa. Yaliyopata nafasi ni yale yaliyofanyiwa ukarabati treni ziliporudishwa kwenye reli kuukuu, Nanyuki mwaka 2020 na Kisumu 2021. Na treni ndogo za dizeli zinazopeleka watu kazini Nairobi zilistaafu kwanza kisiwani Mallorca, Uhispania. Zilinunulika kwa sababu Mallorca nako reli ni ya mita moja.

Dar es Salaam wana mfano wao. Kampuni ya Rovos Rail ya Pretoria, iliyoanza safari mwaka 1989, hukusanya mabehewa yaliyoachwa na reli za Afrika Kusini, huyavua mpaka mifupa na kuyavisha upya kwa ajili ya matajiri. Baadhi hufika mpaka stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kwa kuwa TAZARA ilijengwa kwa milimita 1,067 kama huko kusini. Kwenye Reli ya Kati, ambayo ni ya mita moja, yasingesogea hatua moja.

Linalobaki ni makumbusho. Ya Nairobi, jirani na stesheni, yalifunguliwa mwaka 1971, na behewa linalovuta watu ni lile ambalo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikaa ndani yake usiku Juni 1900 akimvizia simba mla watu. Stesheni iliitwa Kima, jina ambalo msomaji wa Kiswahili halipiti bila kusita. Wenzake wawili walisinzia, naye pia, inaelekea. Simba akaingia, akamkamata Ryall na kutoka naye dirishani.

Wageni wote hutaka kuonyeshwa dirisha. Mimi huangalia mlango. Ulikuwa wa kuteleza, na behewa lilikuwa limeegeshwa mahali pasipo sawa, limeinama kidogo. Simba alipopanda, uzito wake ulizidisha mwinamo na mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake. Wakawa chumba kimoja. Seremala yeyote angewaambia: mlango wa kuteleza na behewa lililolala upande havikai pamoja. Kibanzi kimoja kwenye mfereji wake kingetosha.

Naenda pale mara mojamoja na wajukuu. Mlinzi ananifahamu sasa. Hunisalimia, "Shikamoo, babu," kisha hunikagua mifuko ya koti. Aliwahi kunikuta na bisibisi.