Chakula cha sungura: pumba na majani yanapokamilishana

Anayelalamikia bei ya peleti za sungura analalamika kwa haki. Chakula peke yake humeza asilimia 60 hadi 70 ya gharama za ufugaji huu, na sungura anayekua hula kilo tatu hadi nne za peleti ili aongeze kilo moja ya uzito. Nchini Kenya, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2010 watu wengi walijenga mabanda wakitarajia soko kubwa la nyama, hesabu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowavunja moyo.

Bei imepanda kwa sababu peleti hizo hugombania malighafi ileile na kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, hasa mahindi na soya, na sehemu kubwa ya soya inayosagwa Kenya hutoka nje ya nchi. Wanunuzi wa chakula cha sungura ni wachache, hivyo kiwanda hukitengeneza kwa mafungu madogo na gharama ya kila gunia inakuwa kubwa. Lakini sungura hana sababu ya kusimama kwenye foleni hiyo. Utumbo wake umeumbwa kwa vile ambavyo kuku hawezi kuvitumia.

Tuchukue mashudu ya alizeti. Huko Tanzania, Singida na Dodoma zina mashine nyingi ndogo za kukamua mafuta, na mashudu yake hubaki na maganda ya mbegu. Protini ipo ya kutosha, ila nyuzinyuzi ni nyingi mno kwa kuku, na mnunuzi wa chakula cha kuku hushusha bei kwa sababu hiyo. Kwa sungura kasoro hiyo ni sifa. Mtoto aliyetoka kuachishwa kunyonya anahitaji nyuzinyuzi ghafi zisizopungua asilimia 14 hadi 16 ya chakula chake. Zikipungua, na wanga wa mahindi ukizidi, anaharisha, na wengi hufa katika wiki za mwanzo baada ya kuachishwa. Mfugaji anayewamiminia watoto pumba laini na mahindi ya kusaga ili wanenepe upesi anawaua, hata kama ana nia njema kabisa.

Protini na nyuzinyuzi huzungumzwa sana. Madini husahaulika, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Kilo moja ya pumba za ngano ina fosforasi karibu gramu 10, lakini kalsiamu yake ni gramu moja na kidogo tu. Majani makavu ya mlonge ni kinyume chake: kalsiamu karibu gramu 20 kwa kilo, fosforasi gramu tatu hivi. Changanya kilo mbili za pumba na kilo moja ya majani, na kila kilo ya mchanganyiko itakuwa na takriban gramu saba na nusu za kila moja ya madini hayo mawili. Sungura anayekua anahitaji kalsiamu gramu tano hadi nane na fosforasi gramu tatu hadi tano. Kalsiamu imekaa mahali pake na fosforasi imebaki na ziada, kabla hujanunua kijiko cha madini dukani. Mchanganyiko huo bado unadai nyuzinyuzi, na hapo ndipo mashudu yenye maganda na nyasi kavu ndefu huingia.

Msagaji aliyezoea kuku atapinga. Atasema fosforasi ya pumba imefungwa ndani ya kiambata kiitwacho faiteti, na mnyama haipati. Kwa kuku ni kweli, ndiyo maana chakula cha kuku huongezwa DCP (dikalsiamu fosfeti). Sungura ana sekamu, mfuko mkubwa wa utumbo uliojaa bakteria wanaokivunja kifungo hicho. Kisha, banda likitulia, hula kinyesi laini kinachotoka kwenye sekamu, moja kwa moja kinapotoka, na chakula kinapita tumboni mara ya pili. Wafugaji wengi hawajawahi kumwona akifanya hivyo. Kwa maoni yangu, anayejaza DCP kwenye chakula cha sungura kwa kunakili fomula ya kuku anatupa fedha.

Kalsiamu nayo ina tabia yake. Wanyama wengi hunyonya kiasi wanachohitaji na kuiacha nyingine ipite. Sungura hunyonya karibu kwa kadiri anavyolishwa, halafu figo zake huitoa ziada kwenye mkojo. Inama chini ya kizimba uangalie: utando mweupe kama chokaa uliokauka kwenye trei ndiyo kalsiamu hiyo. Utando kidogo ni wa kawaida, ila ukiwa mzito na mkojo ukiwa kama uji, chakula kina ziada. Huko Kenya mkojo huu huuzwa kwa wakulima wa mboga, na kwa baadhi ya wafugaji ni pato zuri, lakini si busara kununua chokaa ili iishie kwenye dumu.

Chanzo kikubwa cha ziada hiyo ni chakula cha kuku wa mayai, ambacho watu huwapa sungura kwa kuwa kipo katika kila agroveti. Kina kalsiamu gramu 35 hadi 40 kwa kilo, kwa ajili ya ganda la yai. Kwa sungura anayekua ni zaidi ya mara nne ya mahitaji, na kikitumika muda mrefu huumiza figo. Chakula cha vifaranga kina hatari nyingine: baadhi yake huwekwa dawa za koksidia kama salinomaisini na narasini, ambazo ni sumu kwa sungura.

Pasipokuwa na majani, chokaa ya mifugo inatosha, kilo moja kwa kila kilo 100 za mchanganyiko. Chumvi ya mezani yenye madini joto, nusu kilo kwa kilo 100, haikwepeki kwa sababu majani hayana sodiamu ya maana. Zinki, shaba na manganizi zije kwa primiksi ya sungura. Fosfeti ghafi ya Minjingu ina floridi nyingi, na magadi ya Ziwa Natron vilevile, kwa hiyo visipelekwe kwenye chakula hata vikiwa karibu na bei yake ikiwa nafuu.

Majani nayo yana masharti. Lusina ina mimosini inayong'oa manyoya, hivyo isizidi sehemu moja ya kumi. Kisamvu kikaushwe vizuri ili sianidi ipungue. Majani ya parachichi, ambayo sasa yamejaa Njombe na Murang'a kila yanapopogolewa, huua sungura, na mfugaji mgeni aambiwe mapema. Juu ya yote kuna sumukuvu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa kiasi kidogo kabisa, kwa hiyo mahindi yaliyokataliwa mezani kwa ukungu yasigeuzwe kuwa chakula chake.

Funza wa nzi askari mweusi wanasifiwa sana siku hizi kama chakula cha mifugo. Waachiwe samaki na kuku. Sungura ni mla majani na hawahitaji.

Kwa msagaji mdogo mwenye mashine ya peleti na molasi ya kushikanishia, kikwazo halisi ni ukaushaji. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa kilo moja ya makavu, na masika jua halipatikani. Mlonge pia una mteja tajiri zaidi, yule anayekunywa unga wake kwa afya, na bei hiyo chakula cha mifugo hakiiwezi. Ndiyo maana naona biashara itasimama kwa majani ya mforsadi na ya viazi vitamu, ambayo shambani hukatwa na kutupwa. Atakayekubali kuyanunua kwa kilo yakiwa makavu, kwa bei inayolipa jasho la kuyageuza kivulini, ndiye atakayeshusha bei ya gunia la peleti.